Kilomita za gari ziandikwe mahali ambapo mkono wa muuzaji haufiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi mafundi wa magari tunalijua siku zote na tumelinyamazia kupita kiasi: kushushwa kwa kilomita kwenye magari yanayouzwa yakiwa yametumika.

Wiki chache zilizopita mama mmoja, muuguzi aliyestaafu, aliniletea gari alilonunua kwa mafao yake. Alitaka nimbadilishie oili tu. "Fundi, gari lenyewe bado bichi," aliniambia, akanionyesha geji: kilomita 89,212. Lilikuwa safi kweli. Viti vilikuwa vimevalishwa upya, usukani umeshonewa ngozi mpya, hata raba za pedali zilikuwa nyeusi tii, hazina mkwaruzo. Nikalipandisha kwa jeki, nikaingia chini kufungua nati ya oili, na pale juu ya bomba la ekzosi nikaona kitu ninachokifahamu. Kulikuwa na kipande cha chuma kilichochomelewa kushikilia bomba, kona yake moja imekatwa mshazari. Kile chuma nilikikata mimi. Kona ile ilikuwa inagonga bodi kila gari likipita kwenye tuta, nikaiondoa.

Aliyenifunza ufundi alinizoesha kuandika kila gari linaloingia kwangu: tarehe, namba ya usajili, namba ya chasisi, kilomita na kazi iliyofanyika. Huu ni mwaka wa 22 na madaftari yamefika 14. Nikanakili namba ya chasisi ya gari la yule mama, nikakaa na madaftari karibu saa nzima. Nikalikuta. Miaka mitatu nyuma, mmiliki mwingine, kuchomelea mshikio wa ekzosi na kubadilisha pedi za breki za mbele. Kilomita 171,406.

Mhariri, toa wewe mwenyewe. Zimepotea kilomita 82,194, na hapo sijahesabu lilikotembea katika miaka hiyo mitatu. Hizo peke yake zinatosha kuizunguka dunia mara mbili.

Mama alinyamaza. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na ile taimingi belti?" Muuzaji alimwambia belti ya injini ile, yaani mkanda unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa kufuatana na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hiyo bado ana zaidi ya elfu kumi za kutembea bila wasiwasi. Kuhusu hizo 100,000 alisema kweli. Ila kwenye daftari langu yule mmiliki wa zamani alinitajia kuwa belti ilibadilishwa gari likiwa na 94,000, maana yake zamu ya pili ilikuwa 194,000. Nikafungua kava mbele ya macho ya mama. Belti ilikuwa na nyufa za kukatiza mgongoni, ukingo umechanika nyuzi zinaning'inia, na meno mawili yameanza kunyanyuka. Nilimwekea kidole pale kwenye meno ayaone.

Kwa wasioyajua haya: kwenye injini ya aina ile belti ikikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zinagongana na valvu na injini inakufa papo hapo. Usukani unakuwa mzito. Breki nazo, baada ya kukanyaga mara moja au mbili, zinakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe. Mama huyu hubeba wajukuu wawili kwenye gari lile.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia watu wakiliita jambo hili ujanja wa biashara. Mnunuzi anapunjwa fedha, ndiyo, lakini namba ile ndiyo saa ya kila kitu ndani ya gari. Belti, mafuta ya giaboksi, maji ya kupozea injini, mipira ya breki, shokapu, vyote vinahudumiwa kwa kuitazama ile namba. Ukiishusha umemdanganya mnunuzi, umemdanganya na fundi atakayefuata, na kila atakayepanda.

Alirudi kwa muuzaji. Akajibiwa kwamba na yeye alilinunua likiwa na namba ile ile. Huenda ni kweli. Kati ya mmiliki niliyemhudumia mimi na mama huyu gari limepita mikono kadhaa, na kila mkono unanyoosha kidole kwa mwenzake. Daftari langu linaonyesha kwamba namba imeshushwa. Halionyeshi nani aliishusha.

Wengi wanaamini kwamba geji ya kidijitali haichezewi. Ni kinyume chake. Zamani, geji ilipokuwa na magurudumu madogo ya namba, mtu alilazimika kufungua dashibodi na kuyarudisha moja moja. Mara nyingi aliacha alama: namba imekaa upande, skrubu zimekwaruzwa, kioo kina vidole kwa ndani. Siku hizi anachomeka kifaa kwenye tundu lililo chini ya usukani, anaandika namba anayoitaka, na kwa magari mengi ni kazi ya dakika chache. Kuna hata vidude vinavyofungwa nyuma ya geji ili isihesabu kabisa gari linapotembea. Hapo hakuna kilichorudishwa nyuma, kwa sababu hakuna kilichoandikwa.

Na lazima niseme la moyoni. Miaka kadhaa iliyopita mtu aliyekuwa akiniletea kazi nyingi aliniomba "nimrekebishie" namba kwenye magari mawili. Nilikataa, naye akaacha kuniletea kazi. Lakini sikumwambia mtu yeyote. Nilijiona nimetimiza wajibu kwa kutoshika kile kifaa, wakati nilijua fika kwamba atakwenda kwa mwingine na magari yale yatapata wanunuzi. Ukimya ule unanisuta hadi leo, na ni sehemu ya sababu ya kuandika barua hii.

Sasa tufanyeje? Wengi hudai adhabu kali, nami siipingi. Ujerumani tangu mwaka 2005 kuchezea geji kwenyewe ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela, hata kabla gari halijauzwa. Marekani ina sheria ya nchi nzima tangu mwaka 1972, na muuzaji hutakiwa kuandika kilomita, kwao maili, kwenye hati ya umiliki. Hata hivyo mamlaka ya usalama barabarani ya huko imekadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na namba ya uongo. Adhabu peke yake inamsubiri mtu akamatwe, na huyu hakamatiki, kwa sababu mara nyingi namba ya kweli haikuandikwa mahali pa wazi zaidi ya kwenye chombo kile kile anachokichezea.

Waliolikata jambo hili kwenye shina ni Wabelgiji. Walitunga sheria mwaka 2004, na tangu mwishoni mwa mwaka 2006 wana cheti kinachoitwa Car-Pass. Kila gereji, kila kituo cha ukaguzi, kila duka la matairi linalogusa gari hutakiwa kupeleka kilomita na tarehe kwenye hifadhi moja. Anayeuza gari lililotumika lazima ampe mnunuzi cheti chenye orodha ya namba hizo zote kwa mpangilio wa tarehe. Asipompa, mnunuzi anaweza kudai mauziano yavunjwe. Kwa hiyo hata ukishusha namba kwenye dashibodi, cheti kinakuumbua: mwezi fulani 150,000, mwaka unaofuata 70,000. Uingereza nako, mtu yeyote mwenye namba ya usajili ya gari anaweza kutazama bure mtandaoni kilomita zilizosomwa kila lilipopita kwenye ukaguzi wa lazima.

Nilipolisoma lile la Ubelgiji nilicheka kwa furaha, kwa sababu ni daftari langu lile lile, ila limeandikwa na mafundi wote kwa pamoja.

Ombi langu kwa wanaosimamia usajili wa magari, popote barua hii itakapowafikia, ni hilo. Kilomita ziandikwe kila gari linapokaguliwa, linapokatiwa bima, linapobadilisha mmiliki na linapofanyiwa huduma, na mnunuzi apewe haki ya kuziona kabla hajatoa fedha. Mfumo mkubwa wa kompyuta si lazima siku ya kwanza. Kuanza na ukaguzi na uhamisho wa umiliki pekee kunatosha, kwa sababu hapo gari lipo mbele ya ofisa na hati ipo mezani. Nafasi moja zaidi kwenye fomu, na ofisa ainame aisome geji kwa macho yake badala ya kuandika anachotajiwa.

Najua kuna geji zinazokufa kihalali. Dashibodi inaungua, inaingia maji, na unapofunga nyingine inakuja na namba yake. Mwenye gari huyo si mwizi. Sheria ya Marekani imelifikiria hilo: namba ya zamani isipowezekana kurudishwa, geji mpya inawekwa sifuri, na karatasi inabandikwa kwenye fremu ya mlango wa kushoto ikitaja kilomita za kabla na tarehe ya matengenezo. Karatasi tu na gundi! Nimeanza kufanya hivyo kwenye gereji yangu bila kulazimishwa na mtu, na ningefurahi kuona wenzangu wakifanya vilevile.

Wakati tunasubiri, mnunuzi usiitazame geji peke yake. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu, kisha chungulia chini ya boneti na kwenye kava la taimingi belti. Mafundi wengi hubandika stika ya huduma pale, na wanaosafisha magari ya kuuza huwa wanaisahau. Hata kama maandishi ni ya lugha usiyoijua, tarakimu zinasomeka. Kwa gari lililotoka Japani, omba kuona cheti halisi cha kusafirishia nje, kwani kilomita huandikwa humo. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari likidaiwa kuwa na kilomita 30,000 huku matairi yote manne ni mapya kuliko gari kwa miaka sita, uliza yale ya kwanza yalikwenda wapi. Vitu vipya vinavyoguswa na mwili wa dereva, yaani usukani, kishikio cha gia, pedali na ukingo wa kiti, visikufurahishe haraka. Pedali mpya kwenye gari la miaka kumi ni jibu la swali ambalo bado hujauliza.

Na mpeleke fundi unayemchagua mwenyewe, si yule uliyeonyeshwa na muuzaji. Mwambie aje na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kwenye magari mengi kilomita hazikai mahali pamoja: nyingine zimo kwenye kompyuta ya giaboksi, nyingine kwenye ya breki, na baadhi ya magari huandika kilomita kila hitilafu inapotokea. Mchezeaji wa haraka hushusha namba ya kwenye kioo na kuziacha hizo. Niliwahi kukuta gari la kilomita 60,000 lenye hitilafu iliyorekodiwa kwenye kilomita 132,000, kana kwamba liliharibika kabla ya kufika huko. Mengine huhesabu pia saa ambazo injini imefanya kazi. Gawanya kilomita kwa saa hizo: likiwa na saa 4,000 na kilomita 60,000, wastani wake ni kilomita 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli. Labda lilikuwa kwenye foleni maisha yake yote. Kama muuzaji anasema lilikuwa la safari ndefu, mojawapo si kweli.

Gari la yule mama tumelifunga belti mpya, tenshona (kile kinachoikaza belti) na pampu ya maji, na mafuta ya giaboksi nimemwaga yakiwa meusi kama lami. Alipokuja kulichukua aliomba nimwandikie karatasi kama zile ninazobandika nikibadilisha geji. Nikaandika kwa kalamu isiyofutika: namba iliyopo kwenye geji si sahihi, gari hili lilisomwa kilomita 171,406 miaka mitatu kabla. Nikaweka tarehe na sahihi yangu. Nilimkumbusha kwamba akitaka kuliuza, karatasi ile itamshushia bei sana. Akasema anajua, akaishika mwenyewe kwenye fremu ya mlango huku mimi nabandika.

Wako,
Fundi wa magari, msomaji wa siku nyingi