Mwanangu, toa hilo jiko darasani

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza, nikairudia na baba yako akiwepo, ndo nimeona nikuandikie kabisa maana kwenye simu we ukishasema "sawa mama" basi mi nanyamaza halafu nabaki na kitu rohoni. Mwanzoni nilikuwa nacheka, ulivyokuwa unamuigiza yule mtoto anayesoma ba be bi bo bu huku meno yanagongana. Halafu ukapitisha harakaharaka kwamba sa hivi afadhali, mmeziba yale madirisha yaliyovunjika kwa nailoni na maboksi, asubuhi mnaingiza jiko la mkaa, darasa linakuwa na joto zuri, ila ikifika saa nne watoto wanaanza kusinzia, wengine wanalalamika kichwa, na wewe mwenyewe kichwa kinakugonga mpaka jioni. Ukasema labda ni kwa sababu wanaamka alfajiri na wanatoka mbali. Mwanangu, si mbali. Ni jiko hilo.

Nesi wa pale kanisani alitufundisha haya, mwaka ule wewe uko chuo. Mkaa ukiungua unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikerekeshi koo kama moshi wa kuni. Ukiivuta inaingia kwenye damu inakaa pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na inang'ang'ania kuliko oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200, kwaiyo mtu unamuona anapumua vizuri tu kumbe mwili unakosa hewa. Inaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu, halafu usingizi. Hebu ulinganishe na ulichoniambia wewe mwenyewe kwenye voisi. Na watoto inawawahi kuliko sisi maana wao wanapumua harakaharaka. Tena watu wengi wanaogopa moshi tu, wanasubiri mkaa uive uwe mwekundu kabisa ndo wanaingiza ndani wakidhani hapo umeshakuwa salama, kumbe ule mwekundu usiotoa hata moshi ndo unaua watu wamelala.

Huku kwetu kipupwe hakipiti bila kusikia watu wamekutwa asubuhi hawajaamka na jiko liko katikati ya chumba. Juzi redio imetangaza tena, nikaizima, baba yako akaiwasha.

Na usije ukaniambia mbona sisi mlituwekea jiko chumbani tulivyokuwa wadogo. Ile nyumba unaijua ilivyokuwa, upepo ulikuwa unaingia unavyotaka, na bibi yako alikuwa anaamka kuja kulitoa. Tuishie hapo.

Sasa usidhani sijui kwa nini umeliingiza. Ile picha ya daftari uliyonitumia nimeikuza kwenye simu nikaitazama vizuri. Huyo aliyeandika "mama" ile m ya kwanza ina milima minne, nikasema huyu mtoto hajakosea, huyu anatetemeka. Na yule mwingine b yake inageukia kule inakuwa d, "babu" imekuwa "dadu". Ukasema wengine wanashika penseli huku mkono umejificha ndani ya sweta, wanaandika na kitambaa. Mtoto wa miaka sita vidole vimekufa ganzi utamfundishaje kuandika? Naelewa mama. Mwalimu asiyeona hivyo angewachapa tu kwa kuandika vibaya, we umefikiria namna ya kuwapasha joto. Nimemwambia baba yako huyu mtoto ana moyo wa ualimu, akaguna, unamjua, lakini ile picha alimuonyesha fundi wa baiskeli.

Ila si lazima joto liletwe na jiko ndani. Mimi si mwalimu, nimeishia la saba, lakini nimelea. Kwa nini kuandika iwe asubuhi ya kwanza? Panga upya hiyo ratiba yako, mwombe mwalimu mkuu, hawezi kukataa. Wakifika wakiwa wamepoa anza na vile vya mdomo na vya mwili, sauti za herufi waimbe huku wanarukaruka, a e i o u wanapiga makofi, ma me mi mo mu wanaruka kwa kila silabi, kuhesabu wahesabu kwa kuruka mpaka kumi halafu wanarudi nyuma kumi mpaka moja. Herufi waandike kwanza hewani kwa mkono mzima, bega likichemka na vidole vinafuata. Daftari na penseli wape baada ya uji, pale saa nne jua likishatoka, na kama kuna ukuta unaopigwa na jua watoe nje wakae pale na vizibo vyao wahesabu, wafunge vile vijiti mafungu ya kumikumi kama ulivyonielezea, kumi na vitatu pembeni ndo kumi na tatu. Ile niliipenda sana. Sisi tulikaririshwa tu, kumi na tatu ilikuwa ni maneno, sikuwahi kuiona kwa macho kwamba ni fungu moja na vijiti vitatu.

Jiko liwe nje kwenye baraza. Wakifika wapashe mikono pale, mmoja mmoja na wewe umesimama maana nao wataungua, ndo waingie. Na hayo maboksi toa upande mmoja na upande wa pili, hewa ipite kutoka huku kwenda kule. Kufungua kadirisha kamoja halafu jiko libaki ndani haitoshi, usijidanganye na hilo. Watapata baridi ndiyo. Waje na masweta.

Kitu kingine, mtoto akisinzia tena na analalamika kichwa, usimwambie alaze kichwa kwenye dawati. Mtoe nje hapohapo, wote watoke, na asiyechangamka au anayetapika apelekwe zahanati na mwambie daktari kwamba kulikuwa na jiko ndani, maana usipomwambia ataandika malaria au mafua basi.

Halafu ile ya barafu umenifurahisha. Kuacha sahani ya maji nje usiku halafu asubuhi watoto wanakuta utando wa barafu juu yake, wanaumega, kila mmoja anashika kipande kinayeyuka mkononi wanapiga kelele. Hilo ndo somo. Huku Uyole, Mbeya, kuna baridi lakini barafu kama hiyo ya Makete hatuipati kirahisi, nyie huko juu karibu na Kitulo majani asubuhi yanakuwa meupe na viazi vya watu vinaungua shambani utadhani vimemwagiwa maji ya moto. Watoto wa huko wanajua hilo kabla ya kwenda shule, mama zao wanalia kwa sababu ya viazi. Kwaiyo ukiwafundisha maji kuganda na kuyeyuka usiishie kwenye sahani, waulize viazi vya nyumbani vimekuwaje, watakwambia mengi kuliko kitabu.

Na yule aliyekuuliza "vuli ni lini" nimemcheka mpaka basi. Hiyo chati ya masika, kiangazi, vuli na kipupwe iliyochorwa kwa ajili ya nchi nzima itawachanganya hao. Kwetu huku mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Novemba inakwisha Aprili au Mei, vuli atakayoijua ni ya watu wa pwani na kaskazini. Mwambie ukweli, mwambie huku mvua yetu ni moja, asikariri kitu ambacho hajawahi kukiona akitazama dirishani. Baba yako ameongeza, naandika kama alivyosema, kwamba uwaeleze pia kwa nini baridi yetu ni Juni na Julai wakati wenzetu wa Ulaya ndo wanaota jua, ni kwa sababu miezi hii jua limeenda upande wa kaskazini na sisi tuko kusini ya ikweta, tena nyie mko juu sana milimani. Ndo maana zile kadi za Krismasi zina theluji halafu huku Desemba watu wako kwenye mvua wanapalilia mahindi. Mi nimemwambia hawa ni darasa la kwanza mwache mtoto wa watu afundishe irabu kwanza. Amekasirika kidogo.

Kiingereza nacho wanaanza hukohuko la kwanza kwa huu mtaala mpya ulioanza 2024, mdogo wako yeye alikianzia la tatu na bado kinamtoa jasho. Sasa hao wako nyumbani ni Kikinga, Kiswahili chenyewe wengine wanakikuta shule, halafu juu yake Kiingereza. Nenda nao taratibu. Usimcheke mtoto akichanganya. Ulivyokuwa mdogo ulikuwa unaongea Kinyakyusa na Kiswahili kwenye sentensi moja na hakuna aliyekufa.

Nirudi kwenye jiko. Sijamaliza.

Darasani kuna mlango unafunguliwa, kuna watu. Mimi nakosa usingizi kwa hicho chumba chako. Ulisema una kadirisha kadogo na umeweka pazia zito la blanketi, ukitoka kupika maharage mkaa unabaki bado una moto, "naona hasara kuumwaga mama". Umwage. Au uuzime kwa mchanga nje, kesho utauwasha tena, mkaa uliozimwa hauharibiki. Usilale na jiko. Hata likiwa na majivu juu, hata ukiona kama limekufa, hata mlango ukiuacha wazi kidogo, hata kama mwenzako wa chumba cha pili analala nalo kila siku na anaamka. Huyo mwenzako naye mwambie. Chukua chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko kizima, weka maji ya moto, funga vizuri, izungushie kitenge, iweke miguuni. Miguu ikipata joto mwili mzima unalala. Na blanketi zito lile la kijani uliloliacha hapa ukisema linakutia aibu, nakutumia. Aibu ya nani huko?

Wewe ni mwalimu una cheti chako, tumekusomesha kwa viazi, sitaki kusikia umejiua kwa baridi. Samahani kwa kusema hivyo lakini ndo hofu yangu ilivyo. Ulipopangiwa Makete mi nilifurahi, baba yako ndo alisema ungesubiri mjini, nikamjibu serikali haisubiri mtu, kwaiyo ukipata tatizo huko nitaulizwa mimi. Unaona.

Na simu piga. Wiki inapita unatuma picha tu za ukungu, ukungu tunao.

Huku tuko salama. Ng'ombe amezaa dume, baba yako alitaka jike kwaiyo wamenuniana yeye na ng'ombe. Viazi tumevuna, madalali wa sokoni wanataka tuwajazie lumbesa kama kawaida yao, nimewakatalia wawili, wa tatu nimempa maana pesa ya kikoba ilikuwa imefika siku yake. Bati la jikoni lililonyanyuka na upepo halijapigwa misumari, fundi anakuja kesho tangu mwezi uliopita. Bibi yako magoti yanamsumbua na baridi hii, anakuulizia, anasema umwambie mwalimu mkuu wako akupe shule ya joto, Kyela huko, eti kuna mchele. Nimemwambia haiko hivyo. Mdogo wako anataka viatu vya mpira na hesabu amepata alama ambazo sitaziandika hapa, ukija utaongea naye wewe, mi ananijibu.

Sasa hili la mwisho unijibu haraka. Alhamisi naenda mnadani kwenye mitumba, kuna mama mmoja anafungua belo la masweta ya watoto na ukiwahi anakuuzia bei ya kuelewana. Wanakikoba wenzangu nimewaambia habari ya hao watoto wako, kila mtu amesema atatoa chochote, hawana nyingi. Niandikie ni wangapi hawana sweta kabisa, wa kike na wa kiume, na wanene wanene ni wangapi maana hao ndo wanasahaulika. Soksi nazo nitatafuta zile ndefu nzito, ukizikata vidole zinakuwa glavu, mtoto anashika penseli vizuri na kiganja kiko ndani. Mzigo nitamkabidhi dereva wa Noa ya Makete, yule yule, na blanketi lako humohumo, na debe la viazi usiwagawie walimu wote. Ukiupokea nipigie picha ya darasa, nataka nione madirisha.