Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: msamaha wa mzee usiishie dirishani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: MATIBABU YA UVIMBE WA UBONGO KWA WAZEE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa hospitali ya mkoa, Nyanda za Juu Kusini. Kwetu mzee akifika dirishani hupishwa. Bango la kumpisha mzee lipo, na kusema kweli watu wanalitii. Shida huanza baada ya dirisha, pale daktari anapoandika CT-Scan ya kichwa, yaani picha ya ndani ya fuvu.

Ninaomba Wizara itoe mwongozo wa kitaifa wa kumtibu mzee mwenye uvimbe wa ubongo, na msamaha wa malipo ya matibabu umfuate mgonjwa huyo hadi kwenye kipimo na tiba ya mionzi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zilishaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Sidai ahadi mpya.

Wazee hawa hatuwatambui mapema, na sababu mojawapo imo ndani ya fuvu lenyewe. Ubongo hunywea kadiri umri unavyosogea, ukaacha nafasi. Uvimbe ukiota hapo hupata pa kukua kwa muda kabla haujaanza kukandamiza, kwa hiyo mzee anaweza asilalamike kichwa kama kijana. Kinachobadilika kwanza ni tabia, na tabia ya mzee ikibadilika nani atashtuka?

Bibi mmoja aliletwa na mkwewe akiwa amevaa gauni mkono mmoja, wa kushoto unaning'inia. Tulipompa wali alikula wa upande wa kulia wa sahani, akasema ameumaliza. "Ni umri tu, sista, tumeshamzoea," mkwe akaniambia. Katika mfuko wao wa rambo mlikuwa na vidonge vya presha, dawa mseto ya malaria na chupa ya mafuta ya upako. Kwenye kadi alikuwa ameandikiwa kiharusi. Lakini kiharusi humwangusha mtu ghafla, naye huyu alikuwa akififia wiki hadi wiki. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kumpeleka kwenye kipimo. Hali kadhalika mzee anayepata degedege kwa mara ya kwanza maishani: asirudishwe nyumbani na Panadol.

Afisa ustawi wa jamii alimsainia msamaha. Mashine ilikuwa mbovu, na kituo binafsi walichoelekezwa hakikupokea karatasi ile. Wakauza mahindi ya akiba. Kipimo kikaonyesha uvimbe wa utando wa ubongo, ambao mara nyingi si saratani, unakua polepole na huwapata zaidi wanawake na watu wa umri mkubwa. Alipasuliwa Dar es Salaam. Siku hizi anagombana na mkwewe kwamba mboga haina chumvi.

Si kila mzee mwenye uvimbe wa aina hiyo anahitaji kisu. Mdogo usio na dalili unaweza kufuatiliwa tu. Kuna pia damu inayojikusanya taratibu juu ya ubongo baada ya mzee kujigonga, pengine wiki kadhaa nyuma na ameshasahau. Dalili zake hufanana mno na za uvimbe, na tiba yake ni kutoboa fuvu tundu dogo na kuiondoa. Bila picha, wote hawa huandikwa "uzee" na kurudishwa nyumbani.

Aina inayotutisha ni glioblastoma, saratani inayoota ndani ya ubongo wenyewe. Hugundulika zaidi kwa watu wa miaka ya sitini kwenda mbele, na haiponi. Hapa ndipo nimesikia wenzangu wakisema, "Ana miaka 72, mwacheni apumzike." Nawaelewa. Ila utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2007 ulihusu watu wa miaka 70 na zaidi waliokuwa bado wanajimudu: waliopewa mionzi waliishi kwa wastani wiki 29, waliopewa matunzo peke yake wiki 17, na mionzi haikuwaharibia hali yao ya maisha kuliko wenzao. Miezi mitatu hiyo si midogo kwa baba anayetaka kugawa shamba akiwa na akili zake.

Kinachowashinda wazee wetu ni wiki sita. Mionzi ya kawaida hutolewa mara 30, na mashine ziko katika hospitali chache, Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zikiwemo. Mtu wa Sumbawanga alale wapi wiki sita, na nani amshike mkono kila asubuhi? Familia hupiga hesabu ya nauli, chumba na chakula cha watu wawili, kisha hukaa kimya. Sisi tunaandika "amekataa matibabu".

Na wiki sita hazina ulazima, Mheshimiwa. Madaktari wa Canada walionyesha mwaka 2004 kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi, mionzi 15 ndani ya wiki tatu haikuzidiwa na ile 30. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, uliolinganisha mionzi 15 na mitano tu, kwa wazee na wagonjwa dhaifu. Muda wa kuishi haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Mitano ni Jumatatu hadi Ijumaa. Mzee anapanda basi Jumamosi, anarudi kwake Jumamosi inayofuata, na mashine inapokea mwingine. Dawa ya saratani iitwayo temozolomaidi ikiongezwa juu ya mionzi mifupi huongeza muda, kama ulivyoonyesha utafiti wa 2017 kwa watu wa miaka 65 na zaidi: miezi 9.3 badala ya 7.6. Bei yake naijua, ndiyo maana siianzi nayo.

Ninaanza na deksamethasoni, dawa ya bei ndogo inayopunguza maji yanayovimbisha ubongo. Mzee aliyekuwa haamki huweza kukaa na kuongea ndani ya siku mbili. Mwongozo useme hospitali ya wilaya iianze wakati rufaa inasubiriwa, na useme pia sukari ipimwe, kwa sababu dawa hii huipandisha. Kwa asiyeweza mionzi, morfini ya maji ipatikane mkoani, ndugu wasilazimike kuifuata Dar es Salaam.

Jambo la mwisho haligharimu chochote. Mara nyingi watoto huitwa kando, huelezwa, huamua, naye mzee amekaa kwenye benchi akitazama mlango. Mwongozo utamke kwamba mgonjwa mwenye akili timamu ndiye anayeulizwa kwanza, kwa lugha anayoielewa. Wapo watakaosema hawataki kisu wala mionzi. Sawa, ila waseme wao.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na vitita vyake, yaani orodha za huduma zinazolipiwa na bima, vinapangwa na ofisi zilizo chini yako. Naomba CT-Scan ya kichwa na mionzi mitano viwemo katika kitita cha mzee, na karatasi ya msamaha itambulike kila anakoelekezwa na hospitali ya serikali.

Nawasilisha kwa heshima.

Muuguzi, hospitali ya rufaa ya mkoa
Nyanda za Juu Kusini