Kwako unayetaka dunia isiyo na pesa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Yako nimeisoma na kuirudia, maana ulichouliza hakijibiwi kwa haraka. Unataka kujua kama jamii ya leo, yenye hospitali, umeme, viwanda na miji ya mamilioni ya watu, inaweza kwenda bila pesa na bila mtu kulipwa mshahara. Wewe unaamini inaweza, na kwamba tumechelewa. Mimi nusu ya hoja yako naikubali kwa moyo wote, na nusu ya pili naikataa.

Tuanze na tunapokubaliana. Wanaosema kwamba pasipo mshahara hakuna atakayeinua mkono hawajaitazama dunia vizuri. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba binadamu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika malezi na kazi za nyumbani zisizolipwa. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa nane kila siku bila ujira wowote, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Kila anayeamka kwenda kazini alilelewa, akapikiwa na kuuguzwa na mtu ambaye hakulipwa. Kwa hiyo kazi bila ujira ipo tayari, tena ndiyo msingi wa kazi nyingine zote. Inaniuma kwamba tukihesabu utajiri wa mataifa tunairuka.

Umenitajia pia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta iliyoanza mwaka 1991, na Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanza 2001, ambazo zilianzishwa kwa kujitolea na hutumiwa bure. Ni mifano mizuri, lakini hapo ndipo ninapoanza kusita. Makala ikisomwa na watu milioni moja haipungui hata herufi. Mkate ukishaliwa umekwisha, na kitanda cha wagonjwa mahututi hakilaliwi na wawili. Isitoshe, siku hizi sehemu kubwa ya wanaoandika kiini cha Linux ni waajiriwa wa kampuni. Kujitolea kuliianzisha kazi. Kuiendeleza mwaka hadi mwaka kukahitaji watu wenye uhakika wa kula.

Kwa maoni yangu, basi, kama watu watafanya kazi au hawatafanya si swali gumu. Gumu ni hili: nani atajua ni kazi gani inahitajika, wapi, na kitu kilichopo kimoja kiende kwa nani kati ya watu wasiojuana?

Kuna kisa kimoja nimekiwaza sana. Feeding America ni mtandao wa benki za chakula zaidi ya 200 nchini Marekani. Hupokea chakula cha msaada na kukigawa, na hakuna anayetafuta faida pale. Zamani ugawaji ulikwenda kwa zamu: zamu yako ikifika, unapewa kilichopo, ukichukue au ukikatae. Makao makuu yalijua uzito wa chakula yaliyotuma, lakini hayakujua nani tayari ana nini ghalani. Basi ikawezekana viazi vipelekwe Idaho, jimbo ambalo viazi ndilo zao lake kuu, huku benki nyingine ikikosa nafaka.

Mwaka 2005 wakatunga pesa yao wenyewe. Waliiita hisa, na haikununua kitu chochote nje ya mtandao wao. Kila benki ilipewa hisa kulingana na wahitaji inaowahudumia, ikazitumia kushindania vyakula kwa mnada, na hisa zilizotumika zikagawiwa upya kwa wote usiku uleule. Mara ikaonekana jambo ambalo ofisi isingeliona kamwe: siagi ya karanga na tambi, vinavyokaa muda mrefu bila kuharibika, vilitakiwa kupita kiasi, na mboga mbichi zikapatikana kwa hisa chache mno. Benki zisizo na wafadhili wakubwa zikaweza kuchagua mzigo mwingi wa bei ndogo, na zilizojaliwa kila kitu zikalipa zaidi kwa kile kimoja walichokosa.

Zingatia hilo, rafiki yangu. Watu wenye nia njema kabisa, wanaogawa bure, walifika mahali wakahitaji bei. Sababu ni kwamba bei ilisema kwa niaba ya mtu aliye mbali: hiki nakihitaji zaidi ya kile. Huruma peke yake haikuweza kubeba habari hiyo. Lakini zingatia na upande wa pili, ambao watetezi wa soko hupenda kuusahau: kila mmoja aliingia mnadani na hisa kulingana na shida yake, si kulingana na urithi wa baba yake. Pesa yao ilipima uhitaji. Ya kwetu hupima uhitaji wa mwenye nacho tu, na asiye nacho huhesabiwa kana kwamba hataki kitu.

Najua utanirudishia Wainka, watu wa kale wa Amerika ya Kusini, walioendesha dola kubwa bila sarafu, wakajenga barabara na maghala na kuweka hesabu kwa kamba zenye mafundo. Ni kweli. Ila kila kaya ilidaiwa zamu ya kazi kwa dola, na hakuna aliyeulizwa kama anapenda.

Hilo ndilo linalonitisha, na mfano wake mbaya kabisa hauko mbali kiasi hicho. Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti wa Kambodia, walipouteka mji mkuu Phnom Penh Aprili 1975 walifuta pesa, wakalipua jengo la benki kuu na kufunga masoko. Noti zao mpya zilikuwa zimeshachapishwa, wakaamua zisitumike. Nafasi ya mshahara ikachukuliwa na amri: mtu alipangiwa shamba la kulima, saa za kulima na kiasi cha uji. Kwa njaa, maradhi na mauaji walikufa zaidi ya watu milioni moja na nusu katika muda usiofika miaka minne. Baada ya utawala ule kuanguka mwaka 1979, watu walinunuliana vitu kwa mchele na dhahabu hadi riel, sarafu ya nchi hiyo, iliporudi mwaka 1980. Sisemi kwamba kufuta pesa ndiko kulikoua. Waliokuwa na bunduki ndio walioua. Nasema tu kwamba aliyekuwa hana hata senti ya kukimbilia kwingine alikuwa mikononi mwao kabisa.

Ninachotamani mimi kiondoke ni hofu: kwamba mtu akikosa mshahara amekosa chakula, dawa na mahali pa kulala. Hiyo inaondoleka bila kuifuta pesa. Uingereza tangu mwaka 1948 mgonjwa hutibiwa bila kuulizwa fedha mlangoni, na wauguzi wanalipwa. Finland, mwaka 2017 na 2018, iliwapa watu 2,000 waliokuwa hawana ajira euro 560 kila mwezi, wapate kazi wasipate. Hawakubweteka. Walifanya kazi siku chache zaidi ya wenzao wasiopewa, tofauti ndogo kweli, lakini walieleza kwamba wana utulivu zaidi wa akili. Ningeanzia hapo, kisha niongeze kimoja kimoja vitu ambavyo binadamu hapaswi kuvinunua.

Sasa nijibu jambo moja, maana barua yako imelipita. Katika dunia unayoitaka hakuna mshahara. Kuna bomba la maji machafu limepasuka usiku, na kuna wodi inayohitaji mtu wa zamu hadi alfajiri. Leo tunamlipa anayekwenda, ingawa mara nyingi tunamlipa kidogo kwa aibu yetu. Katika dunia yako, akisema amechoka na haendi, na wa pili akasema hivyo hivyo, mtawafanya nini? Niandikie kwa kirefu.

Wako akupendaye,
rafiki yako