Treni inakata kona vipi bila stelingi? Watoto wetu waandikiwe vitabu vya vyombo vya usafiri kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni fundi gereji hapa Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa 19 huu nafungua injini na gia boksi za watu. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, kuna jambo linanikaa moyoni.

Likizo iliyopita nilimpeleka mwanangu wa darasa la nne kwa bibi yake Morogoro, tukapanda treni ya umeme. Mtoto kabandika pua kwenye kioo toka tunaondoka, akiona spidi imefika 160 kwenye skrini anapiga kelele behewa zima linageuka. Tulivyoanza kukunja kona moja hivi akanyamaza, akaniangalia, akauliza, "Baba, mbona hii treni haina stelingi, sasa inakata kona vipi?"

Mhariri, mimi nafungua difu, ile gia ya katikati ya tairi mbili zinazosukumwa na injini, karibu kila wiki. Najua gari likikata kona tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, na kazi ya difu ni kuliachia la nje lizunguke zaidi, lisipoachiwa tairi zinaburuzwa zinaisha haraka. Lakini treni magurudumu yake mawili yamebanwa kwenye ekseli moja, yanazunguka sawasawa, difu hakuna. Nilikosa jibu. Nikamwambia mwanangu tukirudi Dar nakutafutia kitabu.

Nikakitafuta kweli, mjini nimeingia maduka matatu. Vitabu vya watoto vya magari vipo na ni vizuri, karatasi nzito, picha zinang'aa, ila vyote Kiingereza. Nikanunua kimoja elfu 35 nikijua kabisa hela ile ni ya nini nyumbani. Ndani kuna basi jekundu la ghorofa la London, kuna gari la kusukuma theluji barabarani, kuna treni za Ulaya, bajaji haimo, daladala haimo. Mwanangu anasoma shule ya serikali, masomo yake Kiswahili, akakaa anaangalia picha tu halafu ananiletea nimsomee, na mimi Kiingereza changu ni cha kwenye maboksi ya spea. Nilivyomuuliza muuzaji vya Kiswahili je, akanionyesha shelfu ya hadithi za sungura na fisi. Nazipenda hadithi hizo, nimelelewa nazo na wanangu nawasimulia, ila swali la mtoto lilikuwa la gurudumu.

Jibu nilikuja kulipata kwa kuulizia ulizia na kuangalia video usiku. Gurudumu la treni halijakaa flati kama ringi ya gari, limechongwa mshazari, upande wa ndani ni nene na upande wa nje ni jembamba kidogo. Treni ikiingia kona ekseli nzima inasogea kuelekea nje, gurudumu la nje linakanyaga reli kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu yake nyembamba, basi zikizunguka mara moja zote mbili la nje linakuwa limeenda mbali zaidi, treni inakunja yenyewe. Na ule ukingo wa ndani ya gurudumu upo kuzuia lisitoke relini.

Nikamwonyesha sebuleni. Tulichukua vikombe viwili vya plastiki vile vya juisi, tukavigandisha kwa selotepu mdomo kwa mdomo, tukalaza mipini miwili ya fagio sakafuni kama reli, upande mmoja tumeinua kwa sahani, tukaachia. Vikombe vikashuka vinayumba kushoto kulia lakini vinajirudisha katikati wenyewe mpaka mwisho. Tukavigeuza tukagandisha matako kwa matako, vikadondoka hata nusu havijafika. Mtoto alirudia mara hesabu sijui, akaita wenzake wa jirani, mama yake akija kudai fagio zake naye akakaa chini kuangalia. Hiyo ni kurasa mbili tu za kitabu Mhariri, michoro minne na maneno ya kawaida ya Kiswahili.

Na mambo ya kuandika yapo hapa hapa kwetu tele. Dar moja tu ina reli za upana wa aina tatu, ile Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA ya kwenda Zambia ni 1,067, SGR ya treni ya umeme ni 1,435, ndio maana behewa la TAZARA haliingii Reli ya Kati, ikabidi pajengwe kituo Kidatu cha kuhamishia mizigo. Mtoto akishika rula akachora zote tatu kwa kipimo kidogo haji kusahau. Ipo meli ya MV Liemba, imejengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikapakiwa kwenye maboksi kama 5,000, ikasafirishwa mpaka Kigoma kuungwa upya, 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika. Mtoto gani huyo ataacha kusoma hiyo! Yapo mabasi ya mwendokasi toka 2016, ipo bajaji yenye tairi tatu, mtoto aambiwe kwa nini ikikata kona kwa kasi inapinduka.

Kuna watu wananiambia Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Waje gereji. Kijana kamaliza darasa la saba anakutajia klachi, shokapu, beringi, nozeli, rejeta, pistoni, ekseli, na anakueleza kila kimoja kinafanya nini na kikifa gari linalia vipi. Maneno hayo yanatumika kutwa nzima, mteja anaelewa, gari linapona. Hayajaingia kwenye kitabu cha mtoto basi.

Ombi langu liko kwa wachapishaji na kwa Taasisi ya Elimu. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, wanashindanisha riwaya, mashairi na hadithi za watoto, jambo zuri sana nalipongeza kwa dhati. Waongeze na vitabu vya maarifa vya watoto, mtu aandike treni ya umeme inavyovuta umeme kwenye waya wa juu, au breki za basi zinavyoshika kwa upepo, naye ashinde kama anavyoshinda mwenye riwaya. Na vichapwe kwa karatasi ya kawaida tu, bei ishuke, mzazi wa kipato changu aweze kumudu.

Mwandishi au mchoraji atakayekuwa tayari kuanza aje gereji, zipo nyingi Tabata na mafundi hatuna hiyana. Aje Jumamosi asubuhi kabla kazi hazijawa nyingi, nitamfungulia difu mezani aizungushe kwa mkono wake mwenyewe, achore.

Wako,
Fundi gereji, Tabata
Dar es Salaam