Petroli ya mvuvi wa Malindi na dizeli ya meli za Ulaya

Mhariri,

Kila lita ya petroli inayotiwa kwenye injini ya mashua hapa Shela, Malindi, ina shilingi 25 za tozo ya kukarabati barabara. Mashua haina tairi. Tozo hiyo ilipanda kutoka shilingi 18 mwezi Julai 2024, na mvuvi anayevuka mwamba kutafuta nguru huilipa sawasawa na mwenye matatu ya Mombasa. Wakati huo huo, meli kubwa za Uhispania na Ufaransa zinavua jodari katika Bahari ya Hindi hii hii. Sheria ya kodi ya nishati ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 inayasamehe mafuta ya uvuvi katika maji ya Ulaya, na meli zinapojaza tangi katika bandari za mbali, kodi ya kwao haizifuati.

Nimeanza na mafuta, si matumbawe wala mikoko, kwa sababu maneno ya kuoanisha biashara na mazingira huwa matamu mpaka yafike kwenye bei ya mafuta. Hapo kila mkubwa hutazama pembeni. Mkataba wa Ruzuku za Uvuvi wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) ulipitishwa Geneva tarehe 17 Juni 2022 na kuanza kutumika tarehe 15 Septemba 2025, siku ambayo Kenya nayo iliwasilisha hati yake ya kuukubali. Ni mkataba wa kwanza wa shirika hilo ambao shabaha yake hasa ni mazingira. Unazikataza serikali kuwapa ruzuku wanaovua kinyume cha sheria, wanaovua samaki ambao tayari wamepungua mno, na wanaovua bahari kuu mahali pasipo na chombo cha kusimamia. Sipingi hata moja kati ya hayo.

Kilichoachwa nje ndicho kikubwa. Watafiti wa uchumi wa uvuvi walikadiria kwamba mwaka 2018 serikali za dunia zilitoa ruzuku za takribani dola bilioni 35 kwa uvuvi, na kati ya hizo bilioni 22 hivi zilikwenda katika mambo yanayoongeza nguvu ya kuvua, kama vile mafuta, injini na ujenzi wa meli. Watoaji wakubwa walikuwa China, Umoja wa Ulaya, Marekani, Korea Kusini na Japani. Dizeli inayopunguziwa bei inachafua hewa na inaiwezesha meli kufika mahali ambapo kwa hesabu ya kawaida ingepata hasara. Sehemu hiyo ya ruzuku ilisukumwa mbele ijadiliwe baadaye. Na mkataba una kifungu ambacho sijasikia kiongozi wetu yeyote akikitaja: kama makubaliano kamili hayatapatikana ndani ya miaka minne, mkataba mzima unakoma, labda Baraza Kuu la WTO liamue vingine. Hesabu yake inaangukia Septemba 2029.

Wapo wanaosema mazingira ni kisingizio tu, kwamba nchi tajiri hutafuta namna ya kufunga soko lao. Wana haki ya kushuku, lakini wakumbuke kesi ya kamba wa baharini na kasa. Mwaka 1989 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia kamba kutoka nchi ambazo meli zake za kukokota nyavu huua kasa. Sharti lilikuwa wavu ufungwe kifaa cha vyuma: kamba wapite, kasa akigota atokee mlango wa juu. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zilishtaki. Tarehe 12 Oktoba 1998 Chombo cha Rufaa cha WTO kikatoa uamuzi ambao wengi huusimulia nusu. Marekani ilishindwa, ndiyo, lakini haikushindwa kwa kumlinda kasa. Chombo hicho kilikubali kwamba nchi inaweza kuzuia bidhaa ili kuhifadhi viumbe. Kosa lilikuwa upendeleo: nchi za Karibea na jirani zake zilipewa miaka mitatu ya kujiandaa na kusaidiwa kiufundi, nchi za Asia zikapewa kama miezi minne, bila mazungumzo ya maana. Marekani ilirekebisha utaratibu, Malaysia ikarudi kushtaki, na mwaka 2001 ikashindwa.

Kwetu kesi hiyo si hadithi ya mbali. Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, ndiyo yenye kamba na ndiyo iliyokuwa na trola, yaani meli za kukokota nyavu. Wavuvi wa Ngomeni na Kipini waliona nyavu zao zikikokotwa, kasa wakifa na samaki wadogo wakitupwa. Uvuvi wa trola ukasimamishwa mwaka 2006. Uliporudi mwaka 2011 ulirudi na masharti: msimu kufungwa kuanzia Novemba hadi Machi, kukaa mbali na ufuo, na kile kifaa cha kasa ndani ya wavu. Utekelezaji una matundu yake, lakini tofauti ipo, kwa sababu leseni ilifungwa pamoja na namna ya kuvua. Semina za uhifadhi zilikuwapo miaka yote kabla ya hapo, na chai yake ilikuwa nzuri. Mwenye meli hakubadilika kwa semina.

Kwa hiyo ninalolisema ni hili: sharti la mazingira ndani ya biashara linafaa, mradi lianze na mzito. Sasa hivi linaanza na mwepesi. Anayeuza samaki wake Ulaya lazima awe na cheti cha mavuno kinachoonyesha chombo, mahali na tarehe, na ni sawa kabisa. Tangu Januari 2026 Ulaya pia inatoza mpakani ada ya kaboni, yaani ya moshi wa uzalishaji, kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni kutoka nje. Jodari aliyefukuzwa kwa dizeli isiyolipiwa kodi hahusiki na mlango huo. Ningependa mtu wa Brussels anieleze kwa nini moshi wa kiwanda cha saruji una bei na moshi wa meli ya uvuvi hauna.

Na mahali pa kumuuliza papo. Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Ndani yake mna sehemu nzima ya biashara na maendeleo endelevu, na pande zote mbili zimejifunga kutekeleza Mkataba wa Paris wa tabianchi. Mbona kila inapotajwa huku ni kama onyo kwa mkulima wa maua au muuza samaki wa Kenya? Kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili yetu peke yetu. Wizara ya biashara inaweza kukitumia kudai hesabu ya mafuta ya meli zinazovua nje ya mlango wetu.

Hapa nitawaudhi wenzangu. Wengi wakisikia ruzuku za wakubwa hujibu: basi na sisi tupewe petroli ya bei ya chini. Mimi nanunua samaki na kuuza, na naona petroli inavyomla mvuvi faida yote wakati wa kaskazi, ukiachilia mbali kusi ambapo bahari haiingiliki. Hata hivyo sitaki ruzuku ya petroli. Mafuta yakishuka tutakwenda mbali zaidi kuwafuata samaki wale wale. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi, joto likarudi mwaka 2016, na hakuna lita ya petroli itakayoyarudisha. Ninachotaka ni ile tozo ya barabara inayolipwa na mashua irudi ufuoni ikiwa barafu. Chumba baridi kinachotumia jua kingeokoa samaki wanaooza kabla mnunuzi hajafika, bila kuvua hata mmoja zaidi. Ruzuku ya namna hiyo haigombani na mkataba wowote.

Msimamo wa Kenya Geneva nao uwekwe wazi. Katika mazungumzo ya sehemu ile iliyosukumwa mbele, India ilidai nchi zinazoendelea zipewe hadi miaka 25 kabla ya kubanwa. Naelewa nia yake, lakini robo karne ni muda ambao hata mwana wa mvuvi wa leo atakuwa na wanawe. Kenya inaweza kudai kinga kwa mitumbwi na mashua za pwani bila kujificha nyuma ya muda mrefu hivyo, ambao utawapa wenye meli kubwa sababu ya kutosaini.

Naziomba wizara ya biashara na wizara inayosimamia uchumi wa bahari zifanye jambo moja kabla ya mwaka huu kwisha. Zichapishe kwa Kiswahili msimamo wa Kenya kuhusu ruzuku za mafuta, na ziupeleke kwenye mabanda ya BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo) za Shela, Mayungu, Ngomeni na Kipini ujadiliwe huko kwanza, ujumbe wetu ukiwa bado haujapanda ndege.

Mchuuzi wa samaki,
Shela, Malindi