Makato ya vioo na taa yanawafundisha madereva kuficha hitilafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lisilotajwa sana panapojadiliwa ajali za malori katika barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi, nalo ni namna wenye malori wa hapa kwetu wanavyoshughulikia uharibifu mdogo: taa ya nyuma iliyopasuka, kioo cha pembeni kilichovunjika, madigadi yaliyojikunja, turubai lililochanika. Kwa kadiri nilivyoona katika miaka niliyosimamia yadi Changamwe, mara nyingi gari likirudi na kasoro ya namna hiyo, dereva hukatwa fedha kwanza, na maswali, kama yapo, huja baadaye.

Anayeijua kazi hii anafahamu kwamba kasoro nyingi za aina hii hazitokani na uzembe. Kwenye foleni ya kuingia bandarini malori husimama ubavu kwa ubavu, na mmoja akijipenyeza, kioo cha jirani yake huenda nacho. Taa hung'olewa usiku dereva akiwa amelala ndani ya kebini, na wezi hukata turubai pale lori lililosheheni linapopanda mlima polepole. Katika visa vyote hivyo, aliyekuwa karibu na gari ndiye anayelipa, kwa sababu tu ndiye anayepatikana.

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha wastani kwa mali iliyoharibika au kupotea, ila kwa sharti kwamba hasara hiyo imesababishwa na kosa la makusudi la mfanyakazi; na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuzidi thuluthi mbili ya mshahara. Ndiyo maana baadhi ya waajiri hukata kwenye posho ya safari badala ya mshahara, kimyakimya, pasipo hati yoyote, na hati ya malipo ya mwisho wa mwezi huonekana safi.

Kinachonisumbua zaidi ya fedha ni tabia inayozaliwa na mtindo huu. Dereva aliyekwisha jifunza kwamba kusema ni kulipa hatenganishi kioo na breki. Taa ataifunika kwa selotepu nyekundu, kioo atanunua cha mtumba njiani, na bomba la upepo unaoendesha breki za trela likianza kuvuja kidogo atanyamaza, akitumaini kwamba litavumilia hadi Malaba na kurudi. Lori hilohilo ndilo litakaloteremka Mazeras likiwa na mzigo, au litakalokwama gizani karibu na Maungu bila taa ya nyuma, na gari dogo lije lijiingize chini yake. Makanika hawezi kutengeneza kasoro ambayo hakuambiwa.

Sisemi kwamba wenye malori hawana hoja. Bima haiwasaidii kwa mambo madogo, kwani kuna kiasi ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa, na kioo kimoja hakifiki hapo. Wapo pia madereva wanaonyonya dizeli na kubadilisha tairi jipya kwa kuukuu. Huo ni wizi, na mwizi apelekwe polisi. Asiwe kisingizio cha kumkata aliyegongwa akiwa amesimama.

Kontena nalo lina kisa chake, na hapa ndipo madereva wengi wanapoumia bila kujua. Linapotoka bandarini, dereva hutia saini hati ya makabidhiano inayoeleza hali ya kontena. Nyuma yake honi zinalia, askari wa getini anamharakisha, naye anatia saini bila kulizunguka kontena walau mara moja. Likirudishwa tupu kwenye yadi ya makontena, karani anaona ubavu uliobonyea, anaitazama ile hati isiyotaja kasoro yoyote, na bili inaanza safari: kutoka kwa wakala wa meli hadi kwa wakala wa forodha, kutoka kwake hadi kwa mwenye lori, na hatimaye kwa dereva. Kontena huenda lilibonyea likiwa bado melini. Dakika chache za kulikagua na kupiga picha kwa simu zingetosha, lakini dakika hizo lazima kampuni izitoe yenyewe, na isimlaumu dereva kwa kuchelewa getini.

Ukaguzi kama huo ufanyike pia katika yadi ya kampuni, gari likitoka na likirudi, msimamizi na dereva wakiwa pamoja, kila mmoja abaki na nakala iliyotiwa saini. Gharama ndogo za matengenezo zitengewe fedha kila mwezi kama inavyotengewa dizeli. Nimesikia kwamba wengine hutoa bahashishi kwa dereva asiyeripoti uharibifu wowote. Mimi sioni tofauti kati ya hilo na makato, kwa kuwa mwenye kunyamaza ndiye anayefaidika.

Vyama vya madereva viyaingize haya katika makubaliano yajayo na waajiri, yakiwa yameandikwa. Wenye malori wanaopinga nawaomba wajibu katika ukurasa huuhuu: mwaka uliopita, ni madereva wangapi waliokuja wenyewe kuwaambia kwamba breki haishiki vizuri, na mliwafanyia nini?

Msimamizi wa yadi mstaafu,
Changamwe, Mombasa