Barua ya wazi kwa mjomba wangu anayetaka kujenga gesti barabarani

Shikamoo mjomba,

Mama kaniambia umeachana na usukani na sasa unatafuta kiwanja Manyoni kando ya lami, hoteli mbele, gesti nyuma, mabasi yawe yanasimama kwako. Nimefurahi sana. Naandika badala ya kupiga simu maana hili jambo ni refu, na naandika hadharani kwa sababu najua wajomba wenye wazo hilohilo ni wengi. Kabla hujatoa hela nisikilize kidogo, nataka nikusimulie habari ya nyumba moja ya huku Marekani inaitwa Mount Washington Tavern, iko Farmington, Pennsylvania, milimani, pembeni ya barabara ambayo siku hizi ni namba 40.

Ni nyumba ya matofali ya ghorofa, imekaa juu ya kilima. Aliijenga jaji mmoja wa mji wa Uniontown, Nathaniel Ewing, karibu na 1830. Jina limetokana na George Washington, kwa sababu bondeni pale chini ndipo alipopigana na Wafaransa akiwa bado kijana, Julai 3, 1754, akazidiwa akasalimu amri, alafu 1770 akalinunua eneo lenyewe na akawa nalo mpaka anakufa 1799. Watu wengi wanaoenda pale wanaenda kwa ajili ya hiyo vita. Mimi kilichonishika ni hiyo nyumba, na nilipokuwa naizunguka nilikuwa nakuwaza wewe tu.

Kilicholeta hela pale ni barabara. Rais Jefferson alisaini sheria yake 1806, ujenzi ukaanza 1811 kutokea Cumberland, Maryland, na 1818 ikafika Wheeling kwenye mto Ohio. Ilikuwa barabara kuu ya kwanza kujengwa kwa hela ya serikali yao kuu, inakata milima kwenda magharibi, na kila mtu akaifuata. Inakadiriwa enzi zake kulikuwa na nyumba ya wageni karibu kila maili moja, hebu fikiria ushindani huo mjomba.

Sasa wewe dereva utaipenda hii. Magari ya abiria yalivutwa na farasi wanne, na farasi wakipandisha mlima wanachoka, kwahiyo kila maili 12 hivi lazima wabadilishwe, wale waliochoka wanafunguliwa, wengine waliopumzika wanafungwa, safari inaendelea. Dereva akikaribia anapuliza tarumbeta huko mbali ili watu wa nyumba wajipange, farasi wawe tayari na chakula kiwe mezani, maana muda ni mdogo na gari limebeba barua za posta, halisubiri mtu. Yani zile dakika kumi za kuchimba dawa na kununua chipsi huku konda anapiga kelele twendeni twendeni, wenzetu waliziishi miaka mia mbili iliyopita. Ndani palikuwa na baa upande wa wanaume, na sebule nzuri upande mwingine ambako kina mama walikaa kwa heshima zao. Waliolala walipanda juu, na kulala kitanda kimoja na msafiri usiyemjua lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Lakini usidhani kila mtu alikaribishwa pale. Hiyo ilikuwa nyumba ya abiria wenye uwezo. Wale waliobeba mizigo kwa magari makubwa ya turubai yanayovutwa na farasi sita walikuwa na vituo vyao vya bei nafuu, wanakula wanashiba, wanatandika sakafuni karibu na moto, wanalala na story zao. Naamini wewe ungekuwa huko na ungefurahi zaidi. Hata mambo ya mizani walikuwa nayo kwa namna yao, toka 1835 Pennsylvania ikaanza kutoza ushuru wa barabara, na gari lenye magurudumu mapana lilipata nafuu kwa sababu lilikuwa linashindilia barabara, ila membamba yanachimba.

Na kuna jambo siwezi kuliruka. Barabara hiyohiyo ilipitishwa watu weusi wamefungwa minyororo, wanatembezwa kwa miguu kutoka majimbo ya mashariki mpaka Wheeling wapakiwe kwenye boti kwenda kuuzwa kusini. Benjamin Lundy, kijana aliyekuwa anajifunza kushona matandiko ya farasi pale Wheeling, aliona misafara kama hiyo hata kabla barabara haijafika huko, na ndicho kilichomfanya apigane na utumwa maisha yake yote. Ukikaa kwenye sebule nzuri ya nyumba kama ile ujue dirishani kulikuwa kunapita nini. Mimi hilo liliniuma na bado linaniuma.

Turudi kwenye biashara. 1840 nyumba ikanunuliwa na James Sampey, akaifanya kituo cha kampuni ya magari ya Good Intent. Hapo ndipo penye uzito mjomba. Abiria hachagui anakula wapi. Kampuni na dereva ndio wanachagua, wewe unalijua hilo kuliko mimi maana miaka yote ulikuwa unasimamisha gari unapojua wewe. Sampey akafariki 1844, mjane wake Rebecca pamoja na familia wakaendelea na kazi, na nikikumbuka wakati ule mwanamke kuendesha nyumba ya baa, jikoni, vitanda na zizi la farasi, namheshimu mno huyu mama kuliko jaji aliyejenga.

Tena waliendelea vizuri tu, na sababu yenyewe ni ya kushangaza: ni treni! Reli ya Baltimore and Ohio ilifika Cumberland 1842 ikaishia hapo. Abiria wanashuka kwenye treni, mbele hakuna reli, wanapanda magari ya farasi kuvuka mlima. Kwahiyo miaka kumi hivi reli iliilisha ile barabara. Alafu mwisho wa 1852 reli ikakamilika mpaka Wheeling, na mwaka huohuo ya Pennsylvania ikawa imefika Pittsburgh, basi. Abiria wakaisha. 1855 familia ya Sampey wakauza, wakanunua wakulima wakaigeuza nyumba ya kuishi kwa miaka 75 hivi, mpaka jimbo lilipoinunua 1932 baada ya magari ya injini kurudisha watu barabarani, na leo ni makumbusho ya serikali.

Unaona ninakoelekea. Treni ya SGR imeanza kupeleka abiria Dodoma 2024, wanaokwenda Singida na kule mbele wanashuka wanatafuta basi, kwahiyo Manyoni inaweza ikachangamka kweli, wanaokwambia treni imeua biashara ya barabarani hawajatazama vizuri. Lakini reli inajengwa kuelekea Tabora mpaka Mwanza. Miaka yako ya neema ni ile iliyopo kati ya hapo na hapo.

Kwahiyo usikope mkopo wa miaka 15, nakuomba. Vyumba vijenge kila kimoja na choo chake na mlango wa nje, ili mabasi yakipungua mwalimu au nesi aweze kupanga kwa mwezi. Usikubali kampuni moja tu ya mabasi, hata wakikuahidi nini. Na malori usiyadharau, acha eneo kubwa la kupaki, wenzako wa zamani watakuja kwa ajili ya jina lako. Shangazi aingie kwenye hati ya kiwanja na wewe, sio baadaye, sasa hivi.

Ulizia pia stesheni iko umbali gani na hicho kiwanja, kwa miguu na kwa bodaboda, alafu nitumie picha za eneo ukiwa umesimama upande wa pili wa lami. Ukipata majibu nitafute Jumapili, nitakuwa nyumbani.